Mishipa ya Mwenye Kisiagi

Waceke alilala chali kwenye kitanda chembamba cha kliniki ya moyo, mikanda minne ya kupimia presha ikiwa imefungwa mikononi na kwenye vifundo vya miguu. Hakupenda kulala mbele ya watu mchana. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na pale mtaani Huruma, Eldoret, alikoendesha kisiagi, mashine ya kusaga mahindi, hakuna aliyewahi kumkuta ameketi kabla ya jua kushuka.

"Usiongee sasa, Mama," alisema Jeruto, mwanamke kijana aliyekuwa akisimamia ile mashine. "Ukiongea inasoma vibaya."

"Na nikipumua?"

"Kupumua umeruhusiwa."

Mikanda ikavimba yote kwa pamoja, ikambana, kisha ikalegea. Mashine ikatoa karatasi. Jeruto aliisoma, akaisoma mara ya pili, akaipeleka chumba cha pili. Waceke aliona jinsi alivyoishika, na akajua kwamba habari si nzuri.

Ilikuwa Julai mwaka wa 2022, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu Waceke aanguke kando ya mashine yake ya kusaga, akakimbizwa hospitali na kuwekewa stenti, kile kibomba kidogo cha waya kinachoshikilia mshipa wa moyo usizibe tena. Tangu hapo alikuwa akija kliniki kila baada ya miezi mitatu. Lakini hii mashine ya mikanda minne ilikuwa ngeni.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alianza kumweleza Shiko, binti wa Waceke aliyekuwa amekuja kutoka Nakuru kumsindikiza, na alimweleza kwa Kiingereza, akichora mistari kwenye karatasi. Shiko aliitikia kwa kichwa. Waceke alikuwa ameketi katikati yao kama kifurushi kinachongoja kupelekwa.

"Daktari," alisema mwishowe, "mishipa ni yangu."

Daktari akaacha kuchora. Akageuza kiti. "Pole, Mama. Ni kweli. Sasa, stenti yako iko sawa, njia iko wazi. Shida ni mishipa yenyewe, ile mikubwa. Imekuwa migumu. Mashine inasema mishipa yako ni ya mtu wa miaka themanini na moja."

"Mwenye miaka themanini na moja ni mama yangu, na tulishamzika."

Shiko hakucheka. "Daktari, hiyo inamaanisha nini huko mbele?"

"Yuko katika kundi la hatari. Uwezekano wa moyo kumsumbua tena miaka michache ijayo uko juu. Asibebe mizigo. Mishtuko apunguze."

"Na hii uchaguzi?"

Daktari alitazama dirishani. "Hiyo hata sisi wenye mishipa laini tunaiogopa," alisema.

Shiko aliikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mkoba wake. Hakumrudishia mama yake.

* * *

Siku nne baadaye, Waceke alitoka kwenye mkutano wa akina mama kanisani akakuta mlango wa kisiagi uko wazi. Ndani, mwanamume mrefu aliyevaa koti la mvua alikuwa amepiga magoti kando ya mashine, anapima upana wake kwa utepe. Muchiri, mume wa Waceke, alikuwa amesimama ukutani na funguo mkononi.

"Habari ya hapa?" aliuliza Waceke.

"Mzuri, Mama." Yule mgeni aliinuka upesi, akavua kofia. "Mimi naitwa Kiprono. Nimetoka Soy. Nilikuwa naangalia kama hii mota itatoshea kwa pickup."

"Itatoshea ikienda wapi?"

Kiprono alimtazama Muchiri. Muchiri alitazama funguo.

"Mama, nilipigiwa simu na binti yenu," alisema Kiprono. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilidhani mmeshakubaliana."

"Mashine haiuzwi."

Mtu yule alikunja utepe wake taratibu, akautia mfukoni. Aibu ilimpanda hadi masikioni, ingawa kosa halikuwa lake. "Pole sana, Mama. Hata mimi singefurahi mtu akuje kupima ng'ombe wangu nikiwa kanisani." Alipofika mlangoni aligeuka. "Lakini niseme ukweli. Nimezunguka Uasin Gishu yote nikitafuta mashine, na sijaona yenye imetunzwa hivi."

"Imetunzwa, ndiyo," alisema Waceke.

Alingoja mpaka gari lilipoondoka. Mashine ile aliinunua kuukuu mwaka wa 2009. Ya kwanza iliteketea na kibanda chake wiki ya kwanza ya Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, siku ambazo yeye, Muchiri na Shiko walikimbilia uwanja wa maonyesho na kuishi kwenye hema kwa miezi saba. Ndugu za Muchiri walisema wote wahamie Nyahururu, hapa pamekwisha. Waceke alirudi Huruma, akaweka mota mpya kati ya kuta zilizokuwa bado nyeusi kwa moshi. Siku ya kwanza hakuja mteja hata mmoja. Aliiwasha mota hivyo hivyo, ikazunguka tupu kutwa nzima, mtaa usikie.

"Na wewe, Baba Shiko," alisema sasa. "Wewe ndiye ulifungua mlango."

"Nilifungua."

"Bila kuniambia."

Muchiri alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo mpaka alipopunguzwa, na kelele za mitambo zilimfundisha kutosema sana. Alinyoosha kidole kuelekea sakafuni, kando ya mfereji wa kutokea unga.

"Ulianguka hapo. Mota ikaendelea kuzunguka. Sikujua inazimwa wapi. Miaka yote hiyo nina mke mwenye kisiagi, na swichi siijui. Nilikuita na hukunisikia, na mimi mwenyewe sikujisikia, kwa ile kelele." Alizigeuza funguo mkononi. "Tangu siku hiyo, nikiwa nyumbani nikasikia mota imeanza, mimi sifanyi kitu kingine. Nangoja tu nisikie imezimwa."

Waceke alikuwa ameandaa maneno makali. Alichukua ufagio akaanza kufagia mahali pasipo na uchafu.

* * *

Jumanne alienda kliniki peke yake, bila miadi. Alimkuta Jeruto kwenye benchi la nyuma, anakunywa chai kwa andazi.

"Nimekuja kuuliza juu ya hiyo themanini na moja," alisema Waceke. "Mtoto wangu anaitembeza kama hukumu ya korti. Nataka kujua inasema nini hasa."

Jeruto alisogea, akampa nafasi. "Moyo ukipiga, Mama, mshipa laini hutanuka kidogo kupokea damu, halafu unarudi. Mgumu hautanuki. Lile pigo linapita mbio tu, na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi kila mara. Ile mikanda inapima hiyo mbio: pigo limefika mkononi saa ngapi, limefika mguuni saa ngapi. Lako linafika upesi sana."

"Upesi si ndiyo vizuri? Hapa Eldoret mtu akifika upesi anapewa medali."

Jeruto alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kwa wakimbiaji, Mama. Kwa hii, hapana."

"Kwa hivyo mashine inajua nitaanguka lini."

"Haijui. Chukua watu mia wenye stenti, mishipa yao kama yako. Uchukue na mia wengine, mishipa yao laini. Tunajua kwa ile mia ya kwanza wengi zaidi watarudi hapa na shida. Lakini ni nani, na ni siku gani, haitaji jina."

"Basi faida yake?"

"Faida yake ni kwamba sasa wewe tunakuangalia kwa karibu kuliko wengine." Jeruto alisita. "Na kuna swali nilitaka kukuuliza ile siku, lakini binti yako alikuwa hapo. Presha yako ilikuwa juu. Kwa faili una dawa nne za kila siku. Unakunywa zote nne?"

Waceke alikuwa ameulizwa swali hilo na madaktari watatu, na wote aliwajibu ndiyo bila kupepesa. Alitazama andazi lililobaki kwenye karatasi.

"Tatu," alisema.

"Gani umeacha?"

"Ile ya kupunguza maji mwilini. Ukiimeza, kabla ya saa moja kuisha lazima utoke. Na kwangu hakuna choo. Choo kiko ploti ya ng'ambo, kwa wapangaji, na ufunguo unashikwa na mwenye ploti. Mara ya kwanza anakupa vizuri. Mara ya tatu, asubuhi hiyo hiyo, anakuuliza kwa sauti, foleni yote ikisikia: 'Mama, tena?' Watu wanacheka. Mimi hao watu wananiheshimu." Aliivuta leso yake mabegani. "Nikaiacha. Sasa ni mwaka na nusu."

Jeruto hakumkemea wala hakumpa pole. Alikuwa akimfikiria mtu mwingine. "Mamangu anauza nyanya soko ya Soy," alisema. "Siku ya soko hanywi hata chai ya asubuhi. Nimemgombeza miaka, hasemi kwa nini."

"Ni choo."

"Ndiyo najua sasa."

Kisha Jeruto akasimama, akapangusa makombo kwenye sketi. "Mimi si daktari, siwezi kukubadilishia dawa. Lakini huyo mwenye kubadilisha yuko hapo ndani, na leo hana watu wengi. Twende umwambie vile umeniambia."

"Niseme mambo ya choo mbele ya kijana mdogo hivyo?"

"Useme."

Waceke alisema. Ilikuwa vigumu kuliko kuzungumza na askari, kuliko kupanga foleni ya blanketi kwenye hema. Daktari aliweka kalamu chini na kusikiliza mpaka mwisho. Alimbadilishia dawa ile kwa nyingine isiyomtoa mbio, akamwambia apunguze chumvi na atembee kila siku. Alimpa pia vidonge vidogo kwenye chupa ndogo.

"Kifua kikibana, kaa chini, weka kimoja chini ya ulimi. Kisipoachia kwa dakika tano, kuja hapa. Usingoje umalize gunia."

"Umejuaje ningengoja?"

"Mama," alisema daktari, "mimi ni mtoto wa mama mwenye hoteli ya chai."

* * *

Jumapili Shiko alifika kutoka Nakuru na mpango uliokamilika. Gari lingekuja Jumamosi, siku tatu kabla ya kura. Wazazi wangekaa kwa shangazi Nyahururu mpaka mambo yatulie. Kiprono bado alitaka mashine, alikuwa akingoja tu neno. Alisema yote akiwa amesimama, kama anayeogopa kwamba akiketi atashindwa.

Waceke alimwacha amalize. Kisha akasema, "Nilikudanganya."

"Nini?"

"Dawa moja niliacha kumeza. Mwaka na nusu. Kila ukipiga simu ukaniuliza, nilikuwa nakudanganya."

Aliwaeleza sababu, yeye akitazama meza, Muchiri akitazama mlango. Alipomaliza, Shiko alikuwa ametoa macho.

"Choo, Mama? Ungekufa ukatuacha kwa sababu ya choo?"

"Hivyo ukisema ni ujinga. Lakini hujawahi kuulizwa 'Mama, tena?'"

"Ungeniambia! Ningekujengea choo na mikono yangu!"

"Sikutaka mtoto wangu anifikirie hivyo."

Shiko aliketi hatimaye. Alianza kulia, na kilio chake hakikuwa cha dawa. "Nyinyi wawili mnasahau. Mimi sijasahau. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Barua ya kuitwa Form One ilinikuta kwa hema. Nililala na viatu miezi saba, Mama. Hata leo uchaguzi ukifika, siku ya kura nalala na viatu, na niko Nakuru, kwa nyumba yangu, na mlango ni wa chuma."

Hakuna aliyekuwa akijua hilo. Waceke aliuchukua mkono wa binti yake akauweka mapajani pake. Hakuwa mtu wa kushikana mikono, na ilikuwa kama wote wawili hawajui waufanyie nini mkono ule.

"Sikia," alisema. "Ile 2008 niliondoka kwa sababu moto ulifika. Moto ukifika tena nitaondoka, siwezi kubishana na moto. Lakini sasa hakuna moto. Watu tumekaa pamoja hapa miaka kumi na nne. Kuna karatasi inasema nina hatari, na mimi nimeikubali. Nimekubali dawa zote nne. Nimekubali kutembea. Magunia atainua Walubengo wa hapo jirani, nimeshaongea naye. Baba yako atajifunza swichi. Lakini mashine haitoki, na mimi sitoki."

"Na mimi nifanye nini? Nikae Nakuru nikingoja simu?"

"Kama unaogopa, kaa na mimi. Usinihamishe."

Alasiri hiyo Muchiri alifundishwa kuwasha na kuzima mota. Alirudia mara kumi na tano, akiwasha, akizima, akiwasha, mpaka Walubengo, fundi wa kuchomelea milango pale jirani, akaja mbio akidhani nyaya za stima zimeharibika. Muchiri alimwambia hapana, ni yeye, na akaizima tena, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

* * *

Shiko aliomba likizo, akaja.

Kura zilipigwa Jumanne, foleni ndefu na tulivu. Kazi ngumu ilikuwa kungoja matokeo. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, redio zilisoma hesabu ambazo hazikuisha. Nusu ya ploti za Huruma zilikuwa na kufuli, wenyewe wamekwenda mashambani. Maduka yalifungua mlango nusu, na unga wa pakiti ulikuwa umekwisha. Kisiagi cha Waceke kilikuwa cha pekee kinachozunguka upande ule wa mtaa, na watu walikuja na mahindi kwenye ndoo, kwenye mifuko ya shule, kwenye foronya za mito. Foleni ilipita karakana ya Walubengo. Katika foleni hiyo kulikuwa na mama wa Kinandi na mama wa Kikuyu na mzee wa Kibukusu, na jambo walilokuwa wakilizungumza kwa pamoja lilikuwa mvua.

Waceke aliketi kwenye stuli. Hilo peke yake lilikuwa tukio, na wateja wa zamani walimtania. Walubengo aliinua, Shiko alikinga unga, naye Waceke alishika swichi na kutazama. Alikuwa ametembea na Muchiri asubuhi mpaka mtaa wa Pioneer na kurudi. Mwili ulikuwa mwepesi.

Ijumaa karibu saa tano, kitu kilimkaa kifuani.

Alikitambua. Kilianza kama mkono wa mtu aliyemwegemea tu, kisha mtu huyo akaongeza uzito. Mbele yake kulikuwa na ndoo mbili, na baada yazo gunia la mama mmoja aliyetoka mbali. Waceke alifikiri: ndoo hizi mbili, halafu nitajua. Miaka miwili iliyopita alifikiri vivyo hivyo. Alikumbuka pia watu waliosimama pale, wote wanaomwita Mama Kisiagi, wote wanaojua kwamba huyu ndiye aliyerudi baada ya moto. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

Akazima mota.

Ukimya ulianguka juu ya foleni nzima, na wiki ile ukimya ulikuwa kitu cha kutisha. Vichwa viligeuka kuelekea barabarani. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Shiko alisimama wima na karai mkononi, uso umebadilika rangi.

"Hakuna kitu barabarani," Waceke alisema kwa sauti ya kutosha kufika mwisho wa foleni. "Ni mimi. Kifua kinanibana. Nisaidieni."

Hakuwahi kulisema neno hilo pale, si wakati wa moto, si wakati wa kujenga. Kwa sekunde moja hakuna aliyesogea. Kisha wote wakasogea. Mama wa Kinandi aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni aliweka ndoo yake chini, akamshika Waceke mgongo. Mtu alileta maji. Shiko alitoa chupa kwenye mfuko wa mama yake, akamwekea kidonge chini ya ulimi. Muchiri, aliyekuwa ndani ya nyumba akisikiliza, alisikia mota imezimwa kabla ya wakati, akatoka mbio bila viatu.

Dakika tano zilipita. Uzito ulipungua lakini haukuondoka.

"Twende," alisema Waceke. "Daktari amesema nisingoje."

Walubengo alikuwa ameshageuza pickup yake. Walimpandisha mbele, Muchiri kando yake. Shiko alishika mlango.

"Naja na nyinyi."

"Wewe baki," alisema Waceke. "Hawa watu wamesimama tangu asubuhi."

"Mama! Watarudi nyumbani!"

"Warudi wakale nini?"

"Nenda tu, mtoto," walisema watu wa foleni, "sisi tutangoja." Shiko aliwatazama, akamtazama mama yake, na baba yake akamwambia, "Mimi niko naye. Nitakupigia tukifika. Baki." Shiko akaachilia mlango.

Pickup ilipofika kona, Waceke alifumba macho. Nyuma yake, juu ya kelele za injini, akasikia mota ya kisiagi ikianza.

* * *

Barabara zilikuwa tupu, wakafika kwa dakika chache. Walimpima, wakamfunga nyaya, wakachukua damu, wakapima tena baada ya saa kadhaa. Moyo haukuwa umeumia. Stenti ilikuwa wazi. Ulikuwa mshipa mwingine uliolalamika, na wangemweka siku tatu au nne wautazame na kumwongezea dawa.

"Umekuja mapema," daktari alimwambia. Kwa Kiswahili, na kwake yeye. "Hiyo ndiyo imekuokoa. Mara ya kwanza ulikuja baada ya muda gani?"

"Mara ya kwanza sikuja," alisema Waceke. "Nililetwa."

Jeruto alipita kumsalimu kabla ya kutoka kazini. Alimwambia kwamba alikuwa amempigia mama yake simu Soy juu ya lile jambo la chai, na mama alikasirika, halafu akakiri kwamba ni choo. Waceke alifurahi kuliko alivyotarajia.

Saa kumi na moja, wakati wa kuona wagonjwa, Shiko aliingia wodini.

Muchiri alimwona kwanza, akasimama. Binti yao alikuwa mweupe. Unga ulikuwa kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo, kwenye blauzi yake ya ofisini aliyokuja nayo kutoka Nakuru. Shuleni, watoto walimwita Unga, na miaka yote ile alikuwa akijikung'uta kabla ya kufika getini mpaka ngozi ikamwuma. Nakuru alikofanya kazi hakuna aliyejua mama yake anafanya nini, alisema tu ni biashara. Na sasa alikuwa amekatiza katikati ya mji, akapita kwa walinzi wa lango, akapanda ngazi, na hakuwa amejipangusa hata uso.

Alimtazama mama yake kwa muda, akihesabu pumzi zake. Kisha akaketi kitandani.

"Daktari amesema nini?"

"Niko sawa. Foleni?"

"Mama."

"Nauliza tu."

Shiko alicheka, na unga ukaanguka kwenye blanketi. "Mama mmoja alilalamika. Alisema unga wangu una kokoto."

"Ulifungua mahindi yaingie mengi mara moja."

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka haifai hapo. Unafungua kidogo, unasikiliza mota. Ikinguruma nzito unapunguza." Waceke alisita. "Halafu?"

"Halafu nikasaga yake mara ya pili. Akachukua. Wakaja wengine. Yule mama aliyekushika mgongo alikataa kuondoka, alibaki kunishikia karai mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho?"

"Foleni iliisha, Mama. Wote walisagiwa. Nikafagia, nikafunga."

Waceke alifunika nyaya za kifuani kwa kiganja, akiogopa zingemwambia daktari jinsi moyo ulivyopiga.

Muuguzi wa zamu alikuja na toroli ya dawa. Alitazama sakafu, akafuata alama nyeupe za viatu kutoka mlangoni mpaka kitanda cha saba, akasimama mikono kiunoni.

"Ni nani huyu ameingia wodi yangu na vumbi yote hii?"

Shiko alianza kuinuka, mkono tayari umekwenda kwenye nywele kujikung'uta. Mama yake aliushika mkono ule, akaurudisha chini. Kisha akajiinua kwa kiwiko, nyaya zikimfuata, ili vitanda vyote vya upande ule na vya upande wa pili vimsikie.

"Ni binti yangu, Sista," alisema Waceke. "Ametoka kazini."